Bonde Tulilolijenga Juu ya Dungu

Niliondoka Kisawasawa asubuhi moja ya mwezi wa pili nikiwa na begi la mgongoni, blanketi moja na simu iliyopasuka kioo. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne nikipakia ndizi kwenye magari, nikaamka, nikaiona milima ya Udzungwa imekaa palepale ilipokuwa jana, nikajua kwamba nikiiona tena kesho nitakasirika bure. Ndivyo nilivyokuwa nikiondoka mahali popote wakati ule. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Mbele." Akacheka bila kuinua kichwa. "Mbele kuna Ifakara, na Ifakara wanakaa watu wenye kazi." Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sasa ndevu zangu zimeanza mvi, na haya yamenirudia kwa sababu wiki tatu zilizopita Anita alinipigia simu kusema Bibi Skola amefariki. Nilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Tulikaa na Anita kwenye mkeka, tukala wali na maharage ya msibani, na hatukuzungumzia kifo. Tulizungumza juu ya mwaka ule mmoja, mpaka shangazi zake wakatuuliza tunacheka nini.

Asubuhi ile ya Kisawasawa nilipata lifti ya pikipiki, nikashuka Ifakara stendi, nikaanza kutembea nikiangalia watu. Niliona wanawake wanapita na baiskeli zilizosheheni: sufuria, mikeka, jembe, kuku wamefungwa miguu, godoro limekunjwa juu ya vyote. Nilidhani kuna mafuriko wanayakimbia. Kumbe walikuwa wanayafuata. Kila mwaka mvua zikikaribia, watu wengi wa mji ule hufunga nyumba zao na kuhamia mbugani kulima mpunga, na hawarudi mpaka wamevuna. Mmoja wao tairi lake la nyuma lilikuwa limepasuka, na mabinti zake wawili walikuwa wanasukuma huku wanagombana. Nikashika upande mmoja. Tulipofika darajani mama yao akaniuliza, "Kaka, unajua kuamia ndege wasile mpunga?" Nikamwambia najua kupiga kelele. "Inatosha," akasema. "Mengine utafundishwa na Rehema." Rehema alikuwa na miaka kumi. Mkubwa, Anita, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuniangalia.

Nyumba ya shambani ilikuwa na vyumba viwili vya matete yaliyokandikwa udongo upande mmoja tu, maana upande mwingine mama mwenyewe alitaka upepo. Chumba kimoja walilala yeye na mabinti, cha pili alilala Bibi Skola, mama mkwe wake, pamoja na magunia. Mimi nilipewa nafasi jikoni, kati ya mafiga na ndoo ya maji. Nilikula pale chakula ambacho sijakisahau: wali wa mpunga wa mwaka uliopita, kambale aliyekaushwa kwa moshi kisha akapikwa na nyanya, mlenda, na asubuhi uji wenye ndimu. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa matete, nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba Mama Anita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuacha kazi. Nilisikia kwamba mwaka uliotangulia aliwaacha mabinti mjini wasome, kama wengi wanavyofanya, wakajipikia wenyewe, na Anita aliugua malaria siku nne bila mtu mzima kujua. Tangu hapo mama alikata shauri: watoto atakwenda nao shamba, na atawafundisha mwenyewe.

Mumewe hakukubali. Alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, alikuja nyumbani mara chache, na mabishano yao yalikuwa ya simu, spika imefunguliwa kwa sababu sikio la simu lilikuwa limekufa. "Mengine sawa," ilisema sauti yake, "hesabu naona wanafanya. Lakini Anita alipata sifuri ya historia, na wewe unamfundisha historia kwa gemu. Gemu, mama Anita! Watu wakiniuliza kazini nitasema nini?" Mama akasema, "Sema binti yako anasoma." Akajibu, "Nikija wakati wa kuvuna nataka kuiona hiyo historia kwa macho yangu. Nisipoiona, Anita anakwenda kukaa kwa shangazi yake na anarudi darasani." Baada ya simu kukatika nilisikia Anita akisema taratibu chumbani, "Kwa shangazi nitakuwa nalea watoto wake."

Nami nilikuwa upande wa baba yake. Niliacha shule darasa la sita, na historia ilikuwa moja ya sababu: mwaka fulani, mtu fulani, fimbo. Kesho yake Rehema akanipandisha kwenye dungu. Lilikuwa jukwaa la miti lenye urefu kama wa mtu na nusu, limeezekwa nyasi, katikati ya shamba tulilokuwa tumelimwagia mpunga, mbegu ambazo ndege huzifukua. Kamba zilitoka pale kwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo na vipande vya sahani. Ukivuta, shamba zima linalia. Palikuwa na rundo la udongo uliofinyangwa kuwa vidonge vya kombeo. Na katikati ya vyote, juu ya gunia, kompyuta mpakato, paneli ndogo ya sola, na simu ya mama imening'inizwa kwenye mti wa paa. Hapo juu ndipo intaneti ilipokamata. Chini zilipita simu za kuongea tu.

"Kaa, usikanyage waya," Anita akaniambia. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Kwenye kioo niliona nchi iliyojengwa kwa vibonge vya mraba, kama ya watoto wanaocheza na matofali, na ndani yake vijitu vinatembea. Akanieleza huku akivuta kamba kila baada ya dakika: ni gemu la mtandaoni, na ulimwengu huu ni wa kundi la wazazi wanaofundisha watoto nyumbani, wa Makete, Lindi, Mwanza, na wengine sijui wapi. Kila familia ina kiwanja. Unajenga mahali pa kwenu palivyokuwa zamani. Wengine wanaingia, wanatembea, na wana haki ya kusimama mbele ya chochote na kuandika neno moja: umejuaje? Usipokuwa na jibu, unabomoa.

Siku hiyo watoto wa Lindi walikuwa wanaonyesha mji wa mawe wa kale. Tuliingia, Anita akitembea, mimi nikiangalia begani kwake. Tulipita kwenye uchochoro, tukaona kisima, tukaona nyumba ya mfanyabiashara yenye vishubaka vya taa ukutani. Rehema akaandika: kisima umejuaje? Wakajibu: kipo mpaka leo, tulikipima kwa kamba. Vishubaka umejuaje? Vipo kwenye magofu, tumevihesabu. Kisha tukaingia jengo kubwa kuliko yote, na nilipotazama juu nikaona anga. Nikamwambia Anita, "Waulize, mbona hawajaezeka?" Akaandika. Jibu likaja: Hatujui paa lilikuwaje. Ndiyo maana tumeacha wazi.

Sijui nilikaa muda gani. Najua ndege kwelea walishuka upande wa mashariki na Bibi Skola akapiga kelele kutoka chini, "Nyie wa juu! Mnaamia ndege au mnawakaribisha?" Nilivuta kamba kwa nguvu mpaka ikakatika. Katika miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna vitu vya zamani ambavyo watu wazima hawavijui, na kwamba unaweza kusema hivyo bila kuchapwa, ukaacha wazi, ukaendelea. Nilikuwa mtu mwenye maswali mengi na cheti cha kuyatuliza sikuwa nacho. Juu ya lile dungu nilijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyokuwa anazunguka nje yake.

Kiwanja chetu kilikuwa bado nyasi tupu. Anita alikuwa anaogopa kujenga kwa sababu kwenye kitabu bonde letu lina mistari miwili. Nikamuuliza, "Bibi amewahi kupanda hapa juu akaulizwa?" Tukampandisha, mimi nikisukuma kwa chini naye akinitukana. Bibi Skola alikuwa mwembamba, anavuta ugoro, na hakuwa na subira na mtu yeyote. Alitazama kioo akasema, "Hawa watu mbona hawana shingo?" Lakini alipoelewa kwamba pale panajengwa kwao, alishindwa kushuka. Kwa wiki nyingi tukajenga kwa mdomo wake. Nyumba hapa, hapana, sogeza, hapo ni njia ya viboko. Dungu la kulalia liwe juu hivi, maana maji yakija familia nzima inahamia juu, na moto unawashwa juu ya udongo uliotandazwa kwenye miti. "Umejuaje, Bibi?" Rehema anauliza. "Nimejuaje? Nimezaliwa juu yake, mjinga wewe." Anita anaandika kwenye daftari: Bibi alizaliwa huko. Nilimwona binti yule akibadilika kwa macho yangu. Alianza kuamka kabla ya ndege. Alikuwa anampikia Bibi uji ili amalize kula upesi waanze.

Kosa lilitokea mwezi wa tano. Bibi alipanda, akatazama mto wetu wa vibonge unaong'aa, akasunya. "Mto gani huu umekaa kama mchuzi kwenye bakuli? Masika imeisha, haujatoka hata kidogo? Mpunga wenu unakula nini?" Tukatazamana. Alikuwa na haki. Kila mtu wa bondeni anajua kwamba mto usipotoka na kufunika mashamba, mwaka huo ni wa njaa. Rehema akauliza, "Tuufungue?" Bibi akasema, "Kwani mnangoja ruhusa ya nani?" Tukabomoa kingo. Maji ya gemu lile hayana hesabu. Yalitoka, yakajaa mashamba, yakafika miguuni mwa madungu yetu, na yalipendeza. Tulipiga makofi sote wanne. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiwanja kinachopakana na chetu kilikuwa cha watoto wa Makete, waliokuwa wamejenga mashamba ya pareto ya babu yao, matuta kwa matuta, kwa wiki kadhaa. Watu wa milimani maji yakiwaingilia shambani hawapigi makofi.

Asubuhi iliyofuata tulikuta lango la kiwanja chetu kwenye gemu limefungwa. Kulikuwa na ujumbe wa Mama Upendo wa Makete, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia kundi: "Mmezoa shamba la wanangu lote. Wamelia. Kiwanja chenu nimekifunga mpaka mtueleze kwa nini mlifanya hivi." Anita akajibu bila kumshirikisha mtu: Samahani. Sisi huku maji yakitoka ni baraka. Bibi amesema. Jibu likaja kabla hajashusha mikono: "Umejuaje? Akisema mtu mmoja, hiyo ni habari ya mtu mmoja. Mtafute mwingine ambaye hajakaa jiko moja na bibi yako. Nikisikia wawili nitafungua." Nilimkasirikia. Leo naona hakuna aliyewahi kumheshimu Anita kiasi kile. Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mpunga ulikuwa umeshakuwa wa dhahabu, na baba yake alikuwa anakuja Jumamosi kuvuna. Hakukuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa lango lililofungwa.

Tulimuuliza Bibi nani mwingine yuko hai aliyekaa mbugani wakati ule. Akavuta ugoro, akatazama mpunga. "Yupo mdogo wangu, Teresia. Yuko Chita, kama hajafa." Mama Anita, aliyekuwa anaosha vyombo chini ya dungu, akasimama na sufuria mkononi. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amesikia tu kwamba mumewe ana mama mdogo huko Chita ambaye hawaendi kwake. "Tumpigie basi," akasema Rehema. "Sina namba ya mtu nisiyesemezana naye," akasema Bibi, akashuka. Nikafunga begi. Mtu wa kwenda alikuwa mimi, kwa kuwa kwenda ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifanya vizuri.

Nililala Ifakara, na Jumamosi alfajiri nikapanda juu ya fuso lililokuwa linarudi Mlimba bila mzigo, mkono wa kulia milima, mkono wa kushoto mbuga yote imetandazwa hadi macho yanachoka. Maji yalikuwa yanarudi mtoni. Kila mahali palipokauka palikuwa kijani kibichi au manjano, na ndani ya ile manjano niliona madungu, moja, jingine, jingine, mpaka yakawa kama nukta. Kwa mara ya kwanza niliitazama nchi nikajua kwamba imejengwa, kwamba kila dungu lile lina jibu la mtu aliyeulizwa. Nilikuwa nimepita barabara nyingi nikitazama tu. Dereva alinigongea paa la kichwa cha gari akaniuliza kama nalia au ni vumbi.

Chita nilifika saa nane mchana, mgeni kabisa. Niliuliza kwenye duka la mbolea, nikaelekezwa nyumba yenye mnazi mmoja. Mwanamke aliyetoka alikuwa na pua ya Bibi Skola na macho ya upole kuliko yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda na maji ya kunywa kabla ya kuniuliza jina. Nikamweleza yote, gemu, watoto, maji. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za redio, mpaka nilipouliza, "Mama, ni kweli maji yakitoka yalikuwa baraka?"

"Nani kasema hivyo?"

"Bibi Skola."

"Skola?" Akaweka mkono mdomoni. "Skola mwenyewe kasema baraka?"

Nilisema ndiyo. Akatazama kuku wakipita kati yetu. "Mpigie," akasema. "Siwezi kusema hili nyuma yake."

Simu ya Mama Anita ilipokelewa na mwanaume. Baba Anita alikuwa amefika, yuko juu ya dungu, anaonyeshwa lango lililofungwa. Nilimwomba afungue spika na ampandishe mama yake. Nilisikia miti ikilia, nikasikia Bibi akimwambia mwanawe asimshike kama gunia. Kisha Mama Teresia akainamia simu yangu iliyopasuka. "Dada, shikamoo." "Watoto wanauliza habari ya maji. Niwaambie nusu au niwaambie yote?"

Ndege walikuwa wanasikika upande wa pili, na hakuna aliyevuta kamba. "Marahaba," Bibi Skola akasema mwishoni. "Waambie yote. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Mama Teresia akasimulia. Wakati ule alikuwa msichana wa umri wa Anita. Dada yake alikwenda ng'ambo kwa mtumbwi, akamwachia mtoto wake wa kwanza juu ya dungu, binti aliyekuwa ameanza tu kutembea. Maji yalipanda kuliko walivyozoea. Nguzo moja ikang'oka. Yeye aliogelea, akashika mti. Mtoto hakuonekana. "Na mwaka ule," akasema, "mpunga ulikuwa mwingi mpaka ukatushinda kuvuna. Tuliuacha umesimama. Hivyo yote mawili ni kweli, wajukuu zangu. Yaandikeni yote mawili."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Baba Anita, nayo ilikuwa ndogo. Alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, aliyejua siku zote kwamba yeye ndiye kifungua mimba wa mama yake. "Mama mdogo," akasema, "alikuwa anaitwa nani?"

"Kolumba," wakajibu dada wawili kwa pamoja, mmoja Chita, mmoja mbugani.

Nikasikia kalamu ya Anita; sasa alikuwa na mashahidi wawili wa kumpelekea Mama Upendo. Nikamsikia akiuliza dungu lile lilikuwa upande gani wa njia ya viboko, na nguzo iliyong'oka ilikuwa ya wapi, na Bibi akimjibu, na Mama Teresia akimsahihisha, na Bibi akikataa kusahihishwa. Baba Anita akasema, si kwangu wala kwa mkewe hasa, "Huyu haendi kwa shangazi yake. Kwanza amalize hii kazi." Rehema akashangilia, halafu makopo yakalia shamba zima.

Niliwaachia simu, kwa kuwa dada wale hawakuwa wamemaliza. Mama Teresia, bila kuondoa sikio, alininyooshea chumba cha pembeni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na gunia la mpunga lililofunguliwa mdomo, linanukia. Niliweka begi langu chini. Dirishani mbuga ilikuwa imelala mpaka mwisho wa macho, maji yanang'aa katikati yake, na nyuma ya ukuta yule mama alikuwa anacheka, kisha analia, kisha anauliza, "Na ile mikeka yetu, dada, uliipeleka wapi?"